Kompyuta imrudishe mtoto kwenye insha yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaotengeneza programu za kusahihisha insha za Kiingereza, ambazo sasa zinabisha hodi katika shule zetu hapa Uganda. Nafundisha somo hilo katika shule ya sekondari mjini Jinja, na darasa langu la kidato cha pili lina wanafunzi 82. Nikiisoma kila insha kwa dakika tano tu, kazi moja inanichukua karibu saa saba, kwa hiyo msaada wa kompyuta naupokea kwa mikono miwili.

Muhula uliopita tulijaribu programu mojawapo. Binti mmoja aliandika habari za bibi yake: "My grandmother is a farmer. He wakes up early and goes to garden." Programu ilidai "the" kabla ya "garden", ikapiga mstari mwekundu chini ya neno matooke (ndizi za kupika) lililofuata, lakini ile "he" ikaiacha ipite, kana kwamba sentensi ya kwanza haikuwahi kuandikwa. Kosa hilo tunalikuta kila siku, kwa kuwa katika Kiswahili, Luganda na Lusoga kiambishi "a-" humtaja mwanamke na mwanamume bila kuwatofautisha, na wala hatuna neno linalosimama mahali pa "the". Mtengenezaji asiyelijua hilo atamwambia mtoto kwamba amekosea, ila hataweza kumweleza kwa nini.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba binti yule alibofya kukubali kila sahihisho, insha ikawa safi, na wiki iliyofuata akaandika "to garden" vilevile daftarini, kwa mkono wake mwenyewe. Angejifunza nini, ilhali kazi yote ilifanywa na mashine?

Ndiyo maana naomba programu ioneshe mahali penye kosa, imuulize mtoto swali, kwa mfano kama bibi ni mwanamke au mwanamume, imwache arekebishe, na jibu lije baadaye akishindwa. Tena ichague aina moja au mbili za makosa kwa kila insha, kwa sababu nimewaona watoto wakiufunga ukurasa uliojaa wekundu bila kusoma hata mstari mmoja. Ifanye kazi pia pasipo intaneti. Hilo sina haja ya kulieleza kwa yeyote aliyewahi kufundisha huku kwetu.

Kuhusu kutoa alama, naomba tahadhari. Mtafiti Ellis Page wa Marekani alipoanza kazi hii miaka ya 1960, mashine yake ilikadiria ubora wa insha kwa vitu vinavyohesabika, kama vile urefu wa insha na idadi ya mikato. Programu za leo zina uwezo mkubwa kuliko hiyo, lakini kuamua kama mtoto amefikiri, jambo ambalo mtaala wetu mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unalisisitiza sana, naomba uamuzi huo ubaki mikononi mwa mwalimu anayemfahamu.

Watengenezaji waje kwanza wasome insha za watoto wetu, kabla ya kuamua programu itasahihisha nini. Daftari za darasa langu nitawapa, majina yakiwa yamefunikwa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Jinja