Barua kwa mwanangu: muda kati ya wazo na msomaji

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kama ni kweli kwamba intaneti imeharibu uandishi na fikra, au kama sisi wazazi tunalalamikia tu tusiyoyazoea. Swali lako ni la haki, kwa kuwa malalamiko haya ni ya kale: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa jinsi mwanafunzi wake Plato alivyomsimulia, alihofu kwamba maandishi yenyewe yangewafanya watu kuwa wasahaulifu na kuwapa sura tu ya hekima. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kizazi chenu hakina akili, wala siungani na wanaolaumu ufupi. Twitter (sasa X), mtandao wa kijamii ulioanza mwaka 2006, ilikuwa na ukomo wa herufi 140 kwa kila ujumbe. Ukomo huo ulipofikishwa 280 mwaka 2017 sikuona hoja zikiimarika. Malenga wetu wameweka fikra nzito katika ubeti wa mishororo 4 yenye mizani 16 kila mmoja, na hatujasikia wakidai nafasi zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni kutoweka kwa muda. Hapo awali, kabla wazo halijamfikia msomaji, mtu aliandika rasimu, akainakili upya, akaipeleka kwa mhariri, akarudishiwa, akasahihisha, kisha akasubiri chapa. Utaratibu huo uliwafungia nje wengi waliokuwa na jambo la kusema, nami sitamani urudi. Hata hivyo, katika kusubiri kule mwandishi aliyasoma maneno yake hasira ikiwa imetulia, akagundua kwamba aya yake ya tatu inaikanusha ya kwanza. Sasa wazo linawafikia maelfu ya watu kabla aliyelitoa hajalisoma hata mara moja.

Nisemapo hivi sizungumzii tahajia. Watu hudhani kwamba mtu hufikiri kwanza, akamaliza, ndipo akaandika. Mimi naamini sehemu kubwa ya kufikiri hufanyika katika kuandika upya. Chukua jambo unaloliamini kabisa, uliandike kwa ukurasa mmoja, nawe utafika mahali ambapo sentensi inakataa kufuata ile iliyoitangulia. Hapo ndipo utakapojua kwamba ulichokuwa nacho kilikuwa hisia, na kwamba hoja bado hujaipata. Anayetuma rasimu ya kwanza hafiki mahali hapo, na akizoea kufanya hivyo kwa miaka mingi, anaweza kuwa na maoni juu ya kila kitu bila kuwahi kulichunguza hata moja.

Wasomaji nao wamo katika jambo hili. Mwaka 1971 Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, alieleza kwamba wingi wa habari huzaa uhaba wa umakini, na wakati huo intaneti ya umma haikuwapo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017: za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliozieneza hivyo walikuwa hasa binadamu, si programu. Uongo una upya unaovutia, na mkono huwahi kuliko swali.

Tangu mwishoni mwa 2022, ChatGPT na programu nyingine za akili bandia za namna yake zinatoa insha isiyo na kosa la sarufi kwa sekunde chache. Zitumie ukihitaji, lakini baada ya kuandika yako, kwa sababu insha inayokuja ikiwa imekamilika haikupitishi kwenye ile sentensi iliyokataa.

Intaneti hiyo hiyo, nakiri kwa furaha, inaonyesha pia uandishi wa subira. Kila makala ya Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2001, huhifadhi historia ya mabadiliko yake, nayo ina ukurasa wa majadiliano ambapo wahariri wasiofahamiana hubishana juu ya neno moja na kudaiana vyanzo. Nenda kwenye makala ya jambo lenye ubishi, usome toleo lake la mwanzo na la sasa, kisha uniandikie ni sentensi zipi zilizoondolewa, na kama kwa maoni yako walioziondoa walikuwa na haki.

Mzazi wako akupendaye