Kazi ya turubai iwe na malipo yake

Mhariri,

Wateja wengi wanaopeleka mbolea, saruji au mabati kwa trela za wazi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka kwenda Zambia husisitiza mzigo ufunikwe vizuri. Lakini ukitazama bei waliyopatana na mwenye gari, hamna hata shilingi ya kazi hiyo. Wanaoibeba ni dereva na utingo wake.

Turubai la gramu 650 kwa mita ya mraba, lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, lina kilo 60 na ushei likiwa kavu. Watu wawili hulipandisha juu ya magunia, zaidi ya mita tatu kutoka chini, hawana pa kushika. Yakitumika mawili, la nyuma hutandikwa kwanza, kisha la mbele hulilalia kwa karibu mita moja. Ukigeuza mpangilio huo, upepo wa safarini hupenya kwenye maungio, turubai linavimba na mvua inapita hapo hapo. Katikati lazima pawe na mgongo ili maji yateremke. Yakituama, uzito wake hulegeza kamba, na tundu dogo tu linatosha kugandisha magunia ya urea. Kona za mabati huvalishwa vipande vya tairi kuukuu, la sivyo turubai hupigapiga kwenye ncha na kuchanika hata Chalinze halijafika. Mabati yaliyolowa yasifunikwe kabla ya kukauka, kwani unyevu ukifungiwa humo huyatia kutu nyeupe. Baada ya kilomita 50 hivi gari lisimame kamba zikazwe upya, maana magunia yanakuwa yamejishindilia.

Kazi hii iwe na mstari wake kwenye ankara, na mapatano yafanyike kabla gari halijaingia ghalani: watu wangapi, kwa muda gani, na uchakavu wa turubai. Tuseme turubai limenunuliwa shilingi 900,000 na linahimili safari 30. Kila safari imekula 30,000 kabla hujamlipa mtu yeyote. Mzigo ukifunguliwa kwa ukaguzi wa forodha, kuufunika tena kuhesabiwe kazi mpya. Na fedha hiyo iwafikie waliopanda juu, isiishie ofisini.

Mvua ikinyesha wakati wa kupakia, dereva awe na haki ya kukataa kupanda mpaka ikatike, na saa hizo mteja azilipie kama muda wa kusubiri.

Msafirishaji,
Dar es Salaam