Barua kwa sahibu: nani kala kitufe chako?

Kwako sahibu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Huku sote wazima. Umeme umetulia, kwa hiyo jioni hii nakujibu kwa kirefu.

Unasema Emacs yako, hicho kihariri chako cha maandishi, imerogwa. Tab uliyoifungia amri yako inaitika kwenye dirisha la kawaida, lakini ukiingia kwenye seva kwa terminali, ile ya maandishi matupu, inajifanya haikujui. C-c C-j (yaani Ctrl na c, kisha Ctrl na j) inakutii kwenye faili zote isipokuwa za Python, ile lugha ya programu. Na ile fanksheni uliyoiweka iende baada ya kila amri ilifanya kazi kidogo, kisha ikanyamaza bila kuaga. Uchawi haumo. Kinachokuchosha ni huko kubadilisha mstari kwenye faili ya mipangilio, kuzima, kuwasha, kubadilisha tena. Emacs inajua ni nani aliyechukua kitufe chako, nawe hujaiuliza.

Nianze na Tab, maana hiyo imewasumbua wengi. Kwenye terminali ukibonyeza Tab, kinachofika kwenye programu ni namba 9 tu. Ukishika Ctrl ukabonyeza i, inafika 9 ileile. Herufi i kwenye ASCII, orodha ya namba za herufi, ni 105, Ctrl inafuta biti za juu, inabaki 9. Ndiyo maana Enter na C-m ni kitu kimoja, yaani 13, na Esc na C-[ ni kitu kimoja, yaani 27. ASCII ilitoka 1963 na Emacs ya kwanza ilizaliwa pale MIT mwaka 1976, kwa hiyo usitegemee kwamba urithi huo utarekebishwa kwa ajili yetu.

Kwenye dirisha la picha mambo hubadilika. Huko mfumo unaipa Emacs jina la kitufe chenyewe, nayo inakiandika <tab>, kwa herufi ndogo ndani ya mabano ya pembe. Kwanza inatafuta kama kuna amri iliyofungwa kwenye <tab>. Ikikosa, ndipo inakigeuza kuwa TAB, ile 9, kwa kupitia ramani iitwayo local-function-key-map, kisha inatafuta upya. Sasa tazama mstari wako: umeandika (kbd "<tab>"). Kwenye dirisha unapatikana papo hapo. Kwenye terminali hakuna kabisa kitu kiitwacho <tab> kinachofika, basi amri yako haiguswi hata siku moja. Andika "TAB" na itashika kote kuwili. Ila ujue mawili: C-i nayo itabeba amri hiyohiyo, na modi yoyote (seti ya tabia na vitufe kwa kazi fulani) iliyojifungia <tab> kwa jina hilo itakupiku ukiwa kwenye dirisha.

Tuje kwenye C-c C-j. Ramani ya vitufe, yaani jedwali la vitufe na amri zake, ukiifunua, ni orodha ya kawaida ya Lisp, lugha ya kuandikia mipangilio ya Emacs, ambayo kipengele chake cha kwanza ni neno keymap. Bonyeza M-: (M ni Alt) uandike (make-sparse-keymap), utajibiwa (keymap), basi. Inaweza kupewa mzazi, na kitufe kisipopatikana kwa mtoto anaulizwa mzazi. Tatizo lako ni kwamba ramani ziko nyingi na zina foleni. Ukibonyeza kitufe, Emacs inaanza na zile za dharura zenye overriding kwenye majina yao, halafu ramani iliyobandikwa kwenye maandishi yenyewe pale kishale kilipo, halafu za modi ndogo, yaani nyongeza zilizowashwa, halafu ya modi kuu ya bafa uliyomo (bafa ni maandishi uliyoyafungua), na mwisho kabisa ile ya wote, global-map. Wewe umetumia global-set-key, inayoandika kwenye global-map, yaani umejipanga nyuma ya kila mtu. Modi ya Python imekwisha kuifungia C-c C-j amri yake, imenu ya kurukia sehemu za faili, na iko mbele yako. Lazima ikule.

Hili usilichukue kwangu. Fungua faili ya Python, bonyeza C-h k kisha C-c C-j. Utaona jina la amri na, kwenye matoleo ya karibuni, jina la ramani ilimopatikana. Hapo hakuna tena cha kubahatisha.

Tiba yake ni rahisi. Kwa desturi ya Emacs, C-c ikifuatwa na herufi tupu imeachwa kwa ajili yako mtumiaji, na F5 hadi F9 vilevile. C-c ikifuatwa na Ctrl na herufi ni ya modi kuu. Hamia C-c j, mmalize ugomvi. Kama unaitaka ileile kwa nguvu, tengeneza modi ndogo yako mwenyewe yenye ramani yake, maana modi ndogo huulizwa kabla ya modi kuu. Kuna pia bind-key*, iliyoingia ndani ya Emacs pamoja na use-package, kifurushi cha kupanga mipangilio, kwenye toleo la 29, ambayo inapita juu hata ya modi ndogo za kawaida. Mimi siipendi sana. Ni rungu, na ukishalizoea unaligeuza jibu la kila kitu.

Angalia tu modi ndogo mbili zikigombea kitufe kimoja. Anayeshinda ni yule aliye mbele kwenye minor-mode-map-alist, na kwa kawaida aliyepakiwa mwisho ndiye anayekaa mbele. Ndiyo maana mtu anahamisha mistari miwili kwenye faili ya mipangilio na kitufe ambacho hakukigusa kinabadilika tabia. Ukishuku jambo hilo, M-: (minor-mode-key-binding (kbd "C-c j")) itakutajia modi zinazohusika.

Na kuna C-h l, ambayo watu wanaisahau. Inakuonyesha vitufe ulivyobonyeza hivi karibuni, 300 kwa kawaida, pamoja na amri vilizoita. Kama kitufe chako hakimo humo kabisa, hakikufika Emacs: kimedakwa njiani na terminali, au tmux inayogawa terminali, au mfumo wa madirisha. Hapo unaweza kuacha kuihangaisha Lisp.

Imebaki fanksheni iliyonyamaza. Nimeisoma. Uliiweka kwenye post-command-hook, orodha ya fanksheni zinazoendeshwa baada ya kila amri, na fanksheni yoyote inayotoa hitilafu humo Emacs huiondoa kwenye orodha, la sivyo kila kitufe kingekuletea hitilafu upya na usingeweza hata kuhifadhi faili. Nenda kwenye bafa ya *Messages*, utakuta mstari unaoanza Error in post-command-hook, na mwishoni wrong-type-argument stringp nil, yaani ilitarajia maandishi ikapewa nil, "hakuna kitu". Umewasha debug-on-error, inayofungua dirisha hitilafu ikitokea, na hukuona kitu kwa sababu hitilafu hiyo inadakwa kabla ya kukufikia.

Iite kwa mkono. Acha debug-on-error ikiwa imewashwa, nenda kwenye *scratch*, kisha M-: na jina la fanksheni ndani ya mabano. Litafunguka dirisha la *Backtrace*. Lisome toka juu, maana wito wa mwisho ndio unaokaa juu: utaona string-match imepewa ile ruwaza yako ya .py na nil. Hiyo nil ni buffer-file-name. Bafa isiyo na faili haina jina la faili, na hata ukibonyeza M-x tu, ule mstari wa chini unaoandikia ni bafa ya namna hiyo. Basi fanksheni yako ilikufa mara ya kwanza ulipotumia M-x. Izungushie (when buffer-file-name ...).

Ukitaka kuipitia hatua kwa hatua, weka kishale ndani yake, bonyeza C-u C-M-x, uiite. Kila ukibonyeza nafasi inasonga kidogo na kukuonyesha thamani chini, q inakutoa. Ukimaliza, C-M-x bila C-u inairudisha kama kawaida. Usifanye hivyo ikiwa bado imo kwenye post-command-hook, utakuwa unasimamishwa kila kitufe.

Na ukishairekebisha usisahau add-hook tena, amri ya kuiweka kwenye orodha, kwa kuwa ilishaondolewa. Nadhani ndiyo maana marekebisho yako ya mwanzo ulidhani hayakufua dafu.

Ile M-. uliyoitaja, ya kwenda mahali jina linapofafanuliwa, kwamba inakupeleka kwenye faili nyingine kabisa, sijaielewa. Nitumie inachosema C-h k ukiwa kwenye faili yenyewe, pamoja na mistari ya mwisho ya C-h l.

Nisalimie mama.

Ni mimi, sahibu yako