Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024/25

Ndugu wanachama, wapenzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown na wa mpira wa kikapu,

Salaam kwenu nyote, wa Maryland, wa Virginia na wa mjini Washington kwenyewe.

Yale ya kila mwaka nayapitia haraka, kwani waliokuwepo waliyaona na wasiokuwepo waliona picha. Tulikwenda uwanjani mara nne kwa tiketi za kikundi. Timu imepata nafuu chini ya kocha Ed Cooley, tushukuru kwa hicho. Watoto walifundishwa Jumamosi sita. Nyama choma ya Julai ilinyeshewa. Tulizika wawili, tukaoza mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalosubiri, yaani kumbukizi ya Dikembe Mutombo, yule Mkongo aliyechezea Georgetown, na zile fulana zake nilizoagiza bila kamati kupitisha.

Mutombo alifariki Jumatatu, tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58, kwa saratani ya ubongo. Tulijua anaumwa tangu 2022, lakini kujua si kuzoea. Simu yangu ililia hadi usiku wa manane. Watu ambao hawajalipa ada tangu kabla ya korona walinipigia wakilia, wakisema Mwenyekiti lazima tufanye kitu. Nasisitiza neno hilo, "lazima", kwa sababu miezi miwili baadaye walewale waliniuliza nani aliniruhusu.

Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi dola 500 yapitishwe na kamati. Ni kweli, mimi mwenyewe niliiandika ibara hiyo. Jumatano ya wiki ileile niliita kikao cha dharura kwa simu. Kamati ina watu tisa, wakaingia watatu, mmoja wao akiwa anaendesha gari na hasikiki. Nikangoja wiki nzima. Mchapaji alitaka oda ifike kabla ya katikati ya Oktoba, la sivyo bei ingepanda. Nikaamua. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa la mtu aliyepokea simu.

Kumbukizi tuliifanya Jumamosi ya tarehe 9 Novemba, karibu kabisa na arobaini. Kuna aliyesema arobaini si ya kila dini. Mzee wetu mmoja wa Lubumbashi alimjibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi, akamwambia akale kwanza ndipo abishane. Walikuja watu 112. Kati yao wanachama ni 27. Nirudie: 27. Sombe iliisha saa mbili usiku na pilau ikafuata, na akina mama waliokesha jikoni walikula mkate.

Waliokuja walisikia mambo mazuri. Wengi wa vijana wetu walimjua Mutombo wa kidole tu, yule aliyekuwa akizuia mpira kisha akimpungia mwenzake kidole kama anayekataza mtoto, hadi waamuzi wakaanza kumwadhibu. Hawakujua kwamba alikuja Georgetown mwaka 1987 kutoka Kinshasa kwa msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari, na kwamba mwaka wa kwanza hakucheza kabisa. Kocha John Thompson ndiye aliyemtia uwanjani. Hawakujua kwamba alihitimu 1991 katika isimu na diplomasia, na kwamba alizungumza lugha tisa. Mwaka 1989 alizuia mitupo 12 katika mechi moja dhidi ya chuo cha St. John's. Nimekutana na Waafrika mashariki wengi wanaosema walikuwepo siku hiyo, wengi kiasi kwamba nikiwajumlisha nashindwa kuelewa Wamarekani walikaa wapi.

Mimi sikuwepo. Na hapa niseme habari ya rangi, maana nimeshambuliwa kwenye kundi letu la WhatsApp hadi nikazima simu.

Wapo waliotaka fulana ya buluu ya bendera ya Kongo. Wapo waliotaka picha ya kidole. Wapo waliotaka ile picha ya 1994, timu yake ya NBA ya Denver ilipowatoa Seattle, naye amelala sakafuni ameukumbatia mpira kama amepata mtoto. Zote picha nzuri. Lakini kidole kilianza Denver, na sisi ni chama cha Georgetown. Nikachagua kijivu, na namba 55 mgongoni, basi. Mkasema ni fulana ya mfungwa. Mmoja akasema ni sare ya walinzi wa maegesho.

Georgetown wana buluu na kijivu, hilo moja. La pili sijawahi kuwaambia. Msimu wa 1990/91 nilikuwa naosha vyombo katika jiko la hoteli moja hapa Maryland. Juu ya friji kulikuwa na televisheni ndogo, antena yake ni henga ya nguo, na ukitaka picha itulie lazima mtu mmoja asimame karibu na mlango. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Georgetown ikicheza, mpishi mkuu alipunguza moto wa mafuta ili tusikie. Kwa miezi kumi na minane hakuna mtu jikoni mle aliyeweza kutamka jina langu, waliniita Joe. Ila mtangazaji alitamka "Mutombo" herufi zote, tena kwa sauti ya juu, na ukumbi mzima nyuma yake ukipiga kelele. Siku moja mpishi akanigeukia akauliza, huyo ni ndugu yako? Nikasema ndiyo. Akauliza, ndugu kabisa? Nikasema tumbo moja. Tangu siku ile akawa ananiwekea nyama. Machi 1991 UNLV, chuo cha Las Vegas, walipotutoa, 62 kwa 54, alinipa pole ya msiba na kunirudisha nyumbani mapema. Sijamkanushia mpaka leo.

Kwenye televisheni ile, ndugu zangu, Mutombo alikuwa wa kijivu.

Hoja ya pili ni kwamba fedha zile zingepelekwa hospitali. Naiheshimu hoja hiyo. Mutombo alijenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki nyumbani kwa sababu vurugu za mjini hazikuruhusu afikishwe kwa daktari. Iligharimu dola milioni 29, na zaidi ya nusu aliitoa mfukoni mwake. Basi kikapu cha mchango wa hospitali nilikiweka mezani pale ukumbini, usiku wote, karibu na mlango ambao kila mtu alipita. Kilipata dola 38 na kitufe cha koti. Aliyeandika kwa herufi kubwa kwenye kundi alikuwepo, na alibeba sahani mbili za kwenda nazo. Zile 38 anazo Mweka Hazina, zimetengwa, hazimo katika hesabu hapa chini.

Hesabu. Tulianza na 3,140. Ada zimeingia 2,130, michango ya kumbukizi 415, fulana 820, jumla 6,505. Kumbukizi yote ilikula 2,625 (ukumbi 600, chakula 780, fulana mia moja 1,100, maua na picha 145), tiketi 1,460, watoto 540, nyama choma 610, rambirambi na harusi 500, mengineyo 95. Zimebaki 675. Mweka Hazina, dada yetu, ana risiti zote isipokuwa ya mkaa.

Ada ni dola 60 kwa mwaka, yaani tano kwa mwezi, chini ya kahawa mbili. Tuko wanachama 84. Waliolipa yote ni 31, nusu ni tisa. Waliobaki 44 wana maoni. Mkutano wa Machi ulihitaji akidi ya watu 28, tukafika 19, tukanywa chai tukarudi nyumbani, na nilikuwa nimelipia maegesho mwenyewe. Sitaji majina. Wanajijua, na wake zao nimewaambia.

Kwa mwaka ujao kamati inaangalia uwezekano wa kumsaidia kijana mmoja ada ya kambi ya kikapu, hali ikiruhusu. Safari ya Kinshasa bado iko kwenye mawazo. Katiba nayo tutaitazama upya, hasa ile ibara ya 500. Kuhusu uchaguzi, nilikuwa nimeazimia kupumzika, ila fomu zilitolewa tangu Mei na hakuna aliyechukua.

Fulana 41 zimeuzwa, 13 walipewa watoto, 46 zipo gereji kwangu, nyingi ni saizi kubwa sana na ndogo sana. Bei ni dola 20. Jumamosi huwa nipo kuanzia saa nane mchana, pigeni hodi mlango wa pembeni.

Mwenyekiti