Mume wangu hulala ameketi, na zahanati inasema ni gesi

Kwako daktari,

Tunaishi Kariobangi South. Mume wangu ana miaka 34 na huchomelea vyuma kule Light Industries. Wiki moja baada ya kupona mafua makali, aliamka usiku ameshika kifua. Alisema ni kama msumari umemchoma upande wa kushoto, na kila akivuta pumzi unazama zaidi.

Tangu siku hiyo kitanda ni changu na watoto. Akilala chali, maumivu yanapanda hadi begani na shingoni. Basi huvuta stuli, akainamia meza, kichwa juu ya mikono, na hapo ndipo hupata nafuu. Nikiamka kuwasha jiko nampata vivyo hivyo, alama za kitambaa cha meza zimemkaa shavuni.

Zahanati moja ya mtaani ilimpa dawa ya gesi. Kifua hakikusikilizwa hata kidogo. Gesi gani hii inayokuja na homa kila jioni?

Jirani yetu muuguzi alimwambia alale, kisha aketi na kuinama mbele, halafu akaniangalia mimi. Anasema huenda utando unaoufunika moyo umevimba. Mara nyingi huletwa na virusi, ila hata TB huweza. Hapo niliishiwa nguvu, maana kijana anayefanya naye kazi ameanza dawa za TB mwezi jana. Muuguzi anataka apimwe umeme wa moyo, na apigwe picha ya moyo kuona kama kuna maji yamekusanyika kuuzunguka. Alituonya pia: akiishiwa pumzi, miguu ikivimba au akizirai, tusingoje.

Mume wangu naye anasema moyo ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Halafu, siku moja bila kazi, kodi italipwa na nani? Ibuprofeni ya duka la dawa inampunguzia maumivu, kwa hiyo anajiona amepona. Je, inamtibu au inatufichia ugonjwa?

Jana nilimvua soksi nikaona zimeacha mfereji miguuni. Leo jioni, kupanda hadi orofa ya tatu, amepumzika mara mbili. Nimeshamwita shemeji aje na gari. Tunaenda hospitali kubwa usiku huu, akubali asikubali. Ninachoomba kwako, daktari: nikifika pale mapokezi niseme nini, nianze na dalili gani, wasije wakatupa tena dawa ya gesi?

Mama Wawili,
Nairobi