Tuambieni pia utando unadumu saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Makala zenu kuhusu haidrojeni ya kijani, ile inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au upepo, hutaja bei ya kilo moja na ufanisi wa mtambo wa kuyapasua maji hayo ukiwa mpya. Ukiwa mpya, mtambo gani haupendezi? Muda wa kudumu wa utando hamuutaji.

Katika mitambo ya utando wa kupitisha protoni, haidrojeni na oksijeni hutenganishwa na karatasi ya polima (aina ya plastiki) yenye unene wa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita, 50 hadi 180 hivi, ndani ya maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Humo hujitengeneza haidrojeni peroksidi. Ikikutana na ioni za chuma zilizotoka kwenye mabomba, hata chache mno, huzaa radikali, chembe zenye ukali mkubwa wa kikemikali, zinazoitafuna polima. Ushahidi huonekana kwenye maji yanayotoka: floridi, iliyomeguka kutoka kwenye polima hiyo. Anayetaka kujua hali ya utando wake apime hiyo, maana volti zaweza kumpotosha. Utando ukikonda, ukinzani wa umeme hupungua, volti hushuka, na mtambo huonekana umepata nafuu, kumbe ndiyo unaisha.

Ukishakonda, haidrojeni hupenya kwa wingi zaidi kwenda upande wa oksijeni, na ikifika kama asilimia 4 mchanganyiko unaweza kuwaka. Jua likififia au upepo ukitulia hali huwa mbaya zaidi: oksijeni inayozalishwa ni kidogo, lakini haidrojeni inayopenya haipungui kwa kiasi hicho. Kwa hiyo saa zilizopatikana maabara, kwa umeme usiobadilika na maji safi kabisa, hazitoshi kututhibitishia lolote kuhusu mtambo unaowashwa na kuzimwa kila siku.

Wizara ya Nishati ya Marekani imejiwekea lengo la saa 80,000, yaani miaka tisa hivi bila kupumzika. Ni lengo zuri. Ila kubadilisha utando si kama kubadilisha chujio. Kwa kawaida iridiamu, madini adimu na ghali yanayochochea upasuaji wa maji, imepakwa juu ya utando huohuo, kwa hiyo vyote hutoka pamoja. Gharama hiyo sijaiona kwenye hesabu zenu za bei ya kilo.

Waandishi wenu wakikutana tena na watengenezaji, wawaulize unene wa utando, saa ulizojaribiwa, na umeme ulikuwa wa kupanda na kushuka au wa kutulia. Majibu yachapishwe pembeni mwa bei.

Msomaji wenu, mhandisi wa kemikali