Yale maswali kumi

Makorora, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu aleikum. Barua yako kutoka Bagamoyo nimeipokea, na sehemu niliyoirudia mara tatu ni ile unayosema kwamba muuguzi wa kliniki alikusomea maswali kumi, nawe ukayajibu yote kwamba huna neno, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni pako.

Maswali hayo, ya kutambua dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, yalichapishwa mwaka 1987 na wataalamu wa Uskoti kwa ajili ya waliojifungua, na siku hizi wajawazito nao huulizwa. Yanahusu siku 7 zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Hayaulizi kama umechoka, kwa maana ni mjamzito gani asiyechoka? Yanauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu pasipo kosa, kama hofu inakuingia bila chanzo, na kama huzuni inakunyima usingizi. Anayefikisha alama 13 kati ya 30, na kwingine hata 10, hajaambiwa kwamba ana sonona. Anaitwa ili mtaalamu azungumze naye kwa kirefu. Swali la mwisho, la mawazo ya kujidhuru, halisubiri jumla: ukikiri hata kidogo tu, yafaa usikilizwe siku hiyohiyo.

Mimba yangu ya kwanza nilipimwa presha, mkojo, wingi wa damu na uzito, kadi ikajaa, na moyo wangu haukuulizwa. Nilikuwa nikikaa barazani usiku kucha mpaka adhana ya alfajiri, nikiogopa jambo nisilolijua. Nyumbani walisema ni hasira za mimba, zitakwisha nikijifungua. Hazikwisha, mwanangu alitimiza miezi minne ndipo nikaweza kumnyonyesha bila kulia. Siwalaumu, kwani nami nilificha kama unavyoficha wewe.

Unaogopa kuitwa kichaa. Sonona na wasiwasi hutibiwa, mara nyingi kwa ushauri nasaha, na dawa zikihitajika daktari huzichagua akizingatia mimba. Basi omba uulizwe upya, ukiwa peke yako, ukaseme zile habari za usiku ulizoniandikia mimi. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki. Mwamshe mumeo akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Niandikie tarehe yako ijayo. Nitapanda basi la alfajiri, nikae nje na mama mkwe tukizungumza, wewe uingie ndani.

Akupendaye,
Somo yako